Kinyoya na Upepo wa Ziwa

Kuanzia saa nane mchana upepo wa ziwa huingia kwetu Mwamanyili na haupoi mpaka jua lianze kuzama. Hupita juu ya majaruba ya mpunga, hupekua dagaa walioanikwa, huvuta kanga kwenye kamba. Mvuvi anaujua na hupanga safari yake kwa kuufuata. Mimi niliujua siku niliyorudi kutoka Mwanza na raketi mbili za watoto na vinyoya vitatu vya plastiki, nikafunga kamba ya katani kati ya miembe miwili, nikawaita wapwa zangu waje tucheze mpira wa vinyoya. Pigo la kwanza lilielekezwa ziwani. Kinyoya kilipanda vizuri, kikasita angani kama kinachofikiri, kisha kikarudi kikaanguka nyuma ya aliyekipiga. Watoto walicheka sana. Cha pili kilichukuliwa na upepo hadi kwenye majaruba. Cha tatu tulikificha kwenye kabati, na nadhani bado kipo.

Siku ile ndipo nilipoanza kumfikiria kwa makini mchezaji mmoja wa vinyoya wa ng'ambo ya ziwa letu, Edwin Ekiring wa Uganda. Toka Ghuba ya Speke, ambayo maji yake yanalamba wilaya yetu ya Busega, hadi Port Bell chini ya Kampala, ni ziwa moja tu, na meli za mizigo za Mwanza zimelivuka miaka nenda rudi. Maji hayo yako kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tunaoishi kandokando yake tunavuta hewa ileile nyepesi. Mchezo aliouchagua Ekiring hautaki upepo hata wa kupuliza mshumaa. Historia yake, na ya wote waliomtangulia katika eneo hili, kwa sehemu kubwa ni historia ya nani alikuwa na ukumbi.

Kinyoya chenyewe kinahitaji maelezo kidogo, maana wengi wetu tunakijua kile cha plastiki cha dukani. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 ya bata bukini au bata wa kawaida, yamechomekwa kwenye kizibo kilichovikwa ngozi. Uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50, yaani karibu na bure. Kikitoka kwenye raketi hakuna mpira wa mchezo wowote unaokifikia kwa kasi. Mwaka 2023 Mhindi Satwiksairaj Rankireddy alipimwa pigo lake likafika kilomita 565 kwa saa. Lakini manyoya hukamata hewa kama mwavuli, kwa hiyo kinyoya kinapoufikia upande wa pili mwendo wake umekwisha kwisha. Mchezo mzima unaishi katika tofauti hiyo, kati ya kuondoka kama risasi na kutua kama jani.

Na kwa kuwa ni hewa inayokizuia, hewa ikiwa nyepesi kinyoya hupitiliza. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana huviandika namba za mwendo. Namba ndogo kama 75 ni ya polepole, ya kupelekwa milimani na penye joto, na namba kubwa kama 79 ni ya nchi za baridi. Sheria inataka kijaribiwe kabla ya mchezo. Mchezaji husimama mstari wa nyuma, hukipiga kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, nacho kinatakiwa kianguke kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kampala au Bariadi kwetu, kinyoya kilichonunuliwa kwa ajili ya London kitatoka nje ya korti. Mchezaji wa kwetu asiyekuwa na uwezo wa kuchagua namba hufundisha mkono wake kwa kinyoya chochote kilichopatikana, halafu hupanda ndege na kuufundisha upya.

Mchezo huu uliingia Afrika Mashariki kwa milango miwili, na yote miwili ilikuwa ya watu wachache. Asili yake ya karibuni ni India. Maofisa wa Kiingereza walioishi Poona waliucheza huko katika karne ya 19, wakaurudisha kwao, ukapewa jina la kasri la Duke wa Beaufort, Badminton, huko Gloucestershire. Mwaka 1893 Waingereza wakaunda chama chao, na 1934 nchi tisa zikaunda shirikisho la dunia. Mlango mmoja basi ulikuwa wa maofisa wa kikoloni na klabu zao, ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa amebeba trei. Mlango wa pili ulikuwa wa Wahindi na Wagoa waliokuja na reli, maduka na kazi za ukarani. Klabu za Wagoa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilikuwa na kumbi zenye sakafu nzuri ya kuchezea dansi Jumamosi, na sakafu ya dansi ukiichora mistari inakuwa korti. Mchezo uliotoka Poona kwa meli ukaja kuishi kwenye miji ya reli, chini ya paa la bati na taa za umeme, ukifungiwa ndani na watu walewale.

Sisemi hivyo kwa kinyongo. Wahindi wangeweza kucheza kriketi tu wakaishia hapo. Lakini ukweli ni kwamba hadi uhuru unafika, kijana wa kijiji cha Usukuma angeweza kuishi miaka 60 bila kuona raketi. Michezo yake ilikuwa mingine. Alikuwa Mgika au Mgalu, yaani wa moja ya makundi mawili ya ngoma za Wasukuma, akashindana kwenye ngoma ambazo mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi uwanjani. Mchezo unaochezwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na watazamaji 40 walioketi kimya, ungempa mashaka.

Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda kwa siku 90. Yaliyosemwa kuhusu maduka, viwanda na mashamba ya miwa yamejaza vitabu. Machache yamesemwa kuhusu kumbi. Waliofungasha walikuwa pia waamuzi, makatibu wa vyama, walimu wa Jumamosi, watu waliojua namba ya kinyoya cha kuagiza na duka la kuagiza. Sakafu zilibaki, ila waliojua mistari inapita wapi walikuwa njiani kuelekea Leicester na Toronto.

Miaka mitano baadaye likatokea jambo ambalo kila nikilikumbuka hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya tangu Februari, ndege za shirika la pamoja zikagawanywa, mabehewa yakagombaniwa. Na mwaka huohuo, mwezi Agosti, wajumbe wa mpira wa vinyoya wa nchi kadhaa za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaunda shirikisho lao la bara. Kenya na Tanzania zote mbili zilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Marais walikuwa hawasalimiani, na watu wa raketi wakaandika katiba kwenye meza moja. Mashindano ya kwanza ya Afrika yakafanyika Kumasi, Ghana, mwaka 1979, mwaka ambao majeshi yetu yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili na Amin akakimbia. Kwa Uganda wakati huo kulikuwa na mambo ya kushughulikia kabla ya kinyoya.

Ekiring alizaliwa katika Uganda hiyo, tarehe 22 Desemba 1983. Milton Obote alikuwa amerudi madarakani, vita vya msituni vilikuwa vinawaka Luwero, na ilikuwa imebaki miaka miwili na ushei kabla ya Yoweri Museveni kuichukua Kampala. Mtoto wa kizazi hicho alikulia kwenye jiji lililokuwa linajishona upya. Mpira wa vinyoya nao ulijishona, safari hii mikononi mwa Waganda wenyewe, katika kumbi kama ile ya kituo cha vijana cha Sharing, Nsambya, na uwanja wa ndani wa Lugogo. Hazikuwa kumbi za anasa. Ukumbi wa jamii asubuhi una kongamano, mchana una harusi, jioni una vinyoya kama harusi haijachelewa. Lakini ulikuwa na kuta nne na paa, na upepo wa ziwa uliishia nje.

Sasa, kuwa bora Kampala ni jambo moja, kufika Olimpiki ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wasiofuatilia mchezo huu wanapopotea. Kwenye riadha kijana wa Kapchorwa, Uganda, anahitaji muda wa saa. Akikimbia chini ya kiwango kilichowekwa, saa haimuulizi ametoka wapi wala kalipa nauli ya nani. Mpira wa vinyoya hauna saa. Una orodha ya dunia, na orodha hiyo hujengwa kwa pointi za mashindano yanayotambuliwa, ukihesabiwa matokeo yako kumi bora ndani ya majuma 52. Ukikaa nyumbani hata ukiwafunga wote Uganda mara mia, orodha haikuoni. Lazima uende Mauritius, uende Afrika Kusini, uende Ulaya kama una namna, ushinde mechi mbili, upate pointi zako, urudi. Kanuni ya Olimpiki inahakikisha kila bara linapata angalau nafasi moja katika kila aina ya mchezo, na nafasi za Afrika hugombewa na watu wanaofahamiana kwa majina, wanaokutana kwenye viwanja vya ndege wakiwa na mifuko mirefu begani. Anayeshinda ni mwenye mkono mzuri, bila shaka. Ila kati ya wenye mikono mizuri, anayeshinda ni aliyepata tiketi.

Ekiring alizipata, moja baada ya nyingine. Mwaka 2006 alikuwa Melbourne, Australia, akiiwakilisha Uganda kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambamo vinyoya viliingia Kingston, Jamaika, mwaka 1966. Kisha akaingia kwenye kinyang'anyiro cha pointi za Olimpiki ya Beijing, kilichoanza Mei 2007 hadi Aprili 2008. Orodha ilipofungwa jina lake lilikuwamo. Uganda, nchi iliyopeleka Olimpiki wanariadha tangu miaka ya 1950 na mabondia baadaye, nchi ya John Akii-Bua na dhahabu yake ya mita 400 kuruka viunzi Munich 1972, ilikuwa inampeleka mchezaji wa vinyoya kwa mara ya kwanza. Angalia tarehe hizo vizuri. Dhahabu ya Akii-Bua ilipatikana mwezi uliofuata ule wa Amin kuwafukuza Waasia. Ilichukua miaka 36 tangu hapo kinyoya kupata mtu wake.

Mashindano ya Beijing yalichezwa kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha jiji hilo, Agosti 2008, kwa mtindo wa mtoano. Kwa Wachina mchezo huu ni kama soka kwetu, na pengine zaidi, kwa sababu wao wanashinda. Ekiring alipoteza mechi yake ya kwanza, na kwa mtoano mechi ya kwanza ndiyo ya mwisho. Miaka ya kuhangaika, mwaka mzima wa kukusanya pointi, kisha jioni moja chini ya taa nyeupe, na mkono wa mwamuzi. Mwisho wa mashindano hayo Lin Dan wa China alimfunga Lee Chong Wei wa Malaysia 21–12, 21–8 kwenye fainali ambayo wengi walitarajia ingekuwa vita. Ukisoma matokeo hayo unaona kitu cha kumfariji Mganda wetu. Lee, mmoja wa wachezaji bora wa zama zake, naye alifagiliwa kama mgeni.

Wapo watakaouliza, mtu aliyeshindwa raundi ya kwanza ana historia gani ya kuandikwa? Swali hilo huulizwa na watu wasiowahi kutafuta nauli. Na jibu la Ekiring lilikuwa fupi: alirudi. Miaka minne baadaye, mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 28, alikuwa London, kwenye ukumbi wa Wembley. Kuifikia Olimpiki mara moja kunaweza kuitwa bahati. Mara ya pili maana yake umelipa tena ile gharama yote, mechi kwa mechi, uwanja wa ndege kwa uwanja wa ndege, ukijua sasa mwisho wake unavyofanana.

London ilikuwa imebadilisha mtindo. Badala ya mtoano wa moja kwa moja kukawa na makundi madogo ya watu wawili au watatu, kusudi wachezaji wasisafiri nusu ya dunia kwa mechi moja tu. Nia ilikuwa njema. Lakini mtindo huohuo ukazaa aibu ambayo mchezo huu haujaisahau. Tarehe 31 Julai, katika wawili wawili wa wanawake, timu zilizokwisha kufuzu zilianza kucheza ili zifungwe, zikilenga kupangiwa wapinzani rahisi katika hatua inayofuata. Walipiga vinyoya kwenye wavu makusudi. Walianzisha nje makusudi. Watu waliolipa viingilio wakazomea. Kesho yake timu nne ziliondolewa: moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia. Mmoja wa walioondolewa, Greysia Polii wa Indonesia, alikuja kutwaa dhahabu Tokyo miaka tisa baadaye, na mimi ni mmoja wa waliofurahi.

Nikiifikiria wiki ile, nawaona watu wa aina mbili chini ya paa moja. Kuna waliokuwa na pointi nyingi mpaka wakawa wanazitupa. Na kuna Ekiring, ambaye kila pointi aliyoipata ilikuwa imepandishwa ndege. Hakuvuka kundi lake. Siku ya mwisho ya michezo ile Stephen Kiprotich alishinda mbio za marathoni, Uganda ikapata dhahabu yake ya kwanza tangu Akii-Bua, na nchi nzima ikatazama upande huo, kama ilivyostahili.

Kilichofuata kinaonekana zaidi kwenye korti kuliko kwenye vichwa vya habari. Mwaka 2022 mashindano ya Afrika yalichezwa Kampala. Ritah Asiimwe, mwenye ulemavu wa mkono, alikuwa ameiwakilisha Uganda mwaka 2021 kwenye Paralimpiki ya Tokyo, pale vinyoya vilipochezwa kwenye Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Halafu Februari 2024 wasichana wa Uganda, akina Husina Kobugabe, Gladys Mbabazi, Tracy Naluwooza na Fadilah Mohamed Rafi, wakatwaa ubingwa wa timu za wanawake wa Afrika huko Cairo. Tuzo yake ilikuwa tiketi ya Kombe la Uber, la timu za wanawake duniani, huko Chengdu, China, ambako walipangwa na Japani, Indonesia na Hong Kong. Walifungwa zote. Indonesia ilifika fainali ikafungwa na China, kwa hiyo hakuna wa kuwacheka wasichana wale. Tazama majina yao manne yalivyokaa pamoja bila kuulizana asili. Ule ukumbi uliofungwa 1972 ulikuwa umefunguliwa tena, na safari hii walioingia hawakuulizwa mlango.

Nimeyaandika haya nikiwa upande huu wa maji, ambako hewa ni ileile na watoto wana mikono ileile. Sisi Tanzania ndio tulioazima meza 1977, shirikisho la Afrika likaandikiwa juu yake. Lakini kwenye Olimpiki bado hatujampeleka mchezaji wa vinyoya hata mmoja. Sitaki kusikia kwamba ni mchezo wa matajiri. Raketi mbili za kuanzia hazizidi bei ya jezi na viatu vya soka, na kinyoya cha plastiki hudumu majuma. Kinachotushinda sisi wa huku ni upepo tu, na upepo dawa yake ni ukuta.

Kuta tunazo. Mkoa wetu wa Simiyu ni wa pamba. Msimu wa kununua ukishapita na marobota yakishasafirishwa, maghala yetu kutoka huku Busega hadi Bariadi hubaki matupu kwa miezi, yamefungwa kwa kufuli, popo wakiishi bure. Mengine yana paa refu kuliko madarasa yote ya kata. Kwa hiyo ombi langu ni kwa viongozi wa vyama vya ushirika na kwa wenye viwanda vya kuchambua pamba, na kwa maofisa michezo wa wilaya wanaojua namba zao za simu. Msimu ukiisha, kabla ya kufunga kufuli, chukueni futi kamba mpime sakafu. Korti nzima ni mita 13.40 kwa 6.10, na wavu katikati husimama mita 1.524 kutoka chini. Chokaa ya kuchorea mistari ipo Lamadi.